Mashine Q, LAPD, helikoni au tokamaki: ipi ya kuchunguzia mawimbi yanayojikuza ndani ya plazima?

Mwanafunzi wa fizikia anayetaka kuingia kwenye utafiti wa plazima hukutana mapema na swali moja: niombe nafasi kwenye maabara ya aina gani? Wengi hukimbilia tokamaki, mashine ya umbo la pete inayoifungia plazima kwa sumaku, kwa sababu ndiyo inayotajwa kila muungano wa viini unapozungumzwa kwenye habari. Ulinganisho huu una msimamo, na nitausema mapema. Kwa anayetaka kuelewa jinsi wimbi linavyozaliwa na kukua ndani ya plazima yenye uga wa sumaku, tokamaki ni ya baadaye. Kuna mashine ndogo zaidi, nyingine za tangu miaka ya 1960, zinazoonyesha jambo hilo kwa uwazi ambao tokamaki haiwezi kuufikia. Ila nazo zinatofautiana sana, na ukikosea kuchagua unaweza kumaliza miaka yako ya uzamivu ukitafuta wimbi ambalo chombo chako hakiwezi kulibeba.

Plazima ni gesi ambayo atomi zake zimepoteza elektroni, na sasa elektroni na ioni zinatembea kila moja kivyake huku zikivutana na kusukumana. Ukiiweka ndani ya uga wa sumaku, kila chembe inauzunguka mstari wa uga: elektroni kwa duara dogo mno, ioni kwa duara kubwa zaidi. Katika hali hiyo plazima hubeba mawimbi ya aina nyingi, na mengi hufifia yenyewe. Lakini penye akiba ya nishati ya kuyalisha, baadhi hukua kutoka mtikisiko usioonekana hadi kuitawala plazima yote, kama kusi inavyoinua mawimbi kwenye bahari iliyokuwa shwari. Huo ndio ukosefu wa uthabiti ninaouzungumzia hapa. Kinacholilisha wimbi kinaweza kuwa mkondo wa umeme unaopita sambamba na uga, au msongamano unaopungua kutoka katikati kwenda pembezoni, au tabaka mbili za plazima zinazopishana kwa kasi tofauti, au kundi la ioni za kasi zilizoingizwa kutoka nje.

Kwa hiyo kila mashine nitaiuliza mambo matatu. Je, unaweza kukifungua na kukifunga utakavyo kile kinacholilisha wimbi? Je, wimbi lenyewe, kwa urefu wake, linaingia ndani ya chombo? Na je, utaliona likianza, au utalikuta limeshakomaa?

Mashine Q

Mwaka 1960 Nathan Rynn na Nicola D'Angelo, wakiwa Princeton nchini Marekani, walieleza mashine waliyoijenga ili wapate plazima isiyo na kelele. Herufi Q inasimamia utulivu huo. Kanuni yake ni nzuri kiasi kwamba inafaa kuelezwa polepole.

Ndani ya ombwe kuna bati la tangsteni lililopashwa moto hadi kelvini 2000 na zaidi. Mvuke wa sesiamu au potasiamu unaelekezwa kwenye bati hilo. Kuing'oa elektroni ya nje ya sesiamu kunahitaji elektrovolti 3.9 (elektrovolti ni kipimo cha nishati ya chembe moja, na hutumika pia kutaja joto la plazima), ya potasiamu 4.3, tangsteni yenyewe inazishikilia elektroni zake kwa elektrovolti 4.5. Basi atomi ikiligusa bati inaiacha elektroni yake hapo na kuondoka ikiwa ioni. Bati hilohilo, kwa kuwa linawaka, linamwaga elektroni za kutosha kusawazisha chaji. Uga wa sumaku, kwa kawaida sehemu kadhaa za kumi za tesla, unazipanga chembe zote kuwa nguzo yenye kipenyo cha sentimita chache na urefu wa mita moja au zaidi kidogo. Atomi ambazo hazikugeuzwa kuwa ioni hugandia kwenye ukuta uliopozwa, hivyo plazima inayobaki haina gesi nyingi ya kuisumbua.

Angalia kinachokosekana katika maelezo hayo: hakuna umeme wa volti nyingi unaopigwa kwenye gesi, wala antena ya mawimbi ya redio. Elektroni na ioni zote zinatoka zikiwa na joto la bati, karibu elektrovolti 0.2. Plazima imetulia, na ukiona wimbi limeanza unajua umelianzisha wewe.

Jaribio la kuigwa ni lile la D'Angelo na Robert Motley la mwaka 1962. Ukiweka kisahani kidogo ndani ya nguzo ya plazima na kukipa volti chanya kadhaa, kinavuta elektroni kando ya mistari ya uga. Mkondo ukiwa mdogo hakuna kinachotokea. Ukifika kizingiti fulani, wimbi linaruka ghafla kwenye skrini, na masafa yake yako juu kidogo ya masafa ambayo ioni huuzunguka uga. Ongeza uga, masafa yanapanda kwa uwiano uleule. Kwa potasiamu kwenye uga wa tesla 0.3, masafa ya mzunguko wa ioni ni kama kilohezi 118, kwa hiyo hata kifaa cha kawaida cha kuonyesha mawimbi ya umeme kinatosha kuliona. William Drummond na Marshall Rosenbluth walikuwa wametoa nadharia ya wimbi hilo mwaka huohuo. Miaka 16 baadaye setilaiti ya S3-3 ikaliona wimbi la aina hiyo juu ya maeneo ya ncha za dunia. Maabara ilitangulia anga, na ilitangulia kwa mashine ambayo ingeenea kwenye chumba kimoja.

Uwezo wa kutenganisha vyanzo ndio unaonifanya niipende zaidi mashine hii. Kisahani kinachovuta mkondo kinafanya mambo mawili kwa pamoja: kinapitisha elektroni sambamba na uga, na pia kinaunda uga wa umeme kwenye ukingo wa njia ya mkondo, unaoifanya plazima izunguke kwa kasi isiyo sawa kutoka sehemu moja hadi nyingine. Ni kipi basi kinacholilisha wimbi? Gurudas Ganguli na wenzake wa maabara ya jeshi la majini la Marekani walionyesha kwa nadharia, katika miaka ya 1980, kwamba tofauti ya kasi peke yake inaweza kutosha. Mwaka 1994 Mark Koepke na kundi lake wa Chuo Kikuu cha West Virginia walilijaribu jambo hilo kwenye mashine Q. Kisahani chao kilikuwa kimegawanywa vipande, ili mkondo na uga wa umeme virekebishwe kila kimoja peke yake. Wimbi lililolishwa na tofauti ya kasi likaonekana kweli. Kwenye tokamaki mtengano wa namna hiyo haupatikani, kwa sababu ukigusa kitu kimoja, vingine vitano vinabadilika pamoja nacho.

Sasa udhaifu wake, na ni mkubwa. Chukua wimbi la Alfvén, lile linalosafiri kando ya mistari ya uga huku mistari yenyewe ikitikisika kama kamba zilizokazwa. Kasi yake huongezeka uga ukiwa na nguvu na hupungua plazima ikiwa nzito. Kwa potasiamu, uga wa tesla 0.3 na ioni bilioni 10 kwa sentimita moja ya ujazo, kasi hiyo ni kama kilomita 10,000 kwa sekunde. Masafa ya wimbi lazima yawe chini ya zile kilohezi 118. Gawanya, na utapata wimbi lenye urefu wa mita 89 kwenda juu. Wimbi likiwa jembamba upande wa kuvuka uga hupungua kasi na kufupika, lakini bado haliingii kwenye nguzo ya mita moja. Hakuna ujanja wa kufanya hapo. Mwanafunzi anayetaka mawimbi ya Alfvén akipewa mashine Q, aombe mashine nyingine au abadili mada.

Kuna pia sesiamu na potasiamu zenyewe. Zote huwaka zikikutana na maji, na hewa yenye unyevu huziharibu haraka. Kufungua chombo ili kubadili probu, yaani kijiti cha kupimia kinachoingizwa ndani ya plazima, ni kazi ya siku kadhaa inayotaka uangalifu, na mashine za aina hii zinazofanya kazi hadi leo ni chache. Chuo Kikuu cha Iowa, ambako D'Angelo alihamia, kiliitumia vizuri kwa miaka mingi. Robert Merlino na wenzake waliongeza vumbi kwenye plazima, na mwaka 1995 wakatoa picha za wimbi la sauti la vumbi, wimbi la polepole linaloonekana kwa macho.

LAPD, nguzo ya mita 18

Mashine kubwa ya plazima ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ijulikanayo kama LAPD, ilijengwa na Walter Gekelman na wenzake kwa ajili ya tatizo nililotoka kulieleza: mawimbi marefu yanahitaji nyumba ndefu. Toleo la kwanza lilielezwa mwaka 1991. Toleo la pili, ambalo ndilo linalotumika, lilianza kazi 2001 pamoja na kituo kinachopokea watafiti kutoka nje ya chuo. Nguzo yake ya plazima ina urefu wa karibu mita 18 na kipenyo cha sentimita 60. Uga unafika tesla 0.35. Gesi ni heliamu, argoni, hidrojeni au neoni, na inageuzwa kuwa plazima na elektroni zinazotoka kwenye kathodi pana iliyopashwa moto. Zamani kathodi hiyo ilipakwa oksidi ya bariamu. Siku hizi hutumika lanthanamu heksaboridi, inayovumilia zaidi na kutoa plazima nzito zaidi.

Rudia hesabu ileile. Heliamu, uga wa tesla 0.1, ioni trilioni moja kwa sentimita ya ujazo: kasi ya Alfvén inakuwa kama kilomita 1,100 kwa sekunde, na ioni zinazunguka kwa kilohezi 384. Wimbi la kilohezi 200 lina urefu wa mita tano na nusu. Kwenye nguzo hiyo yanaingia mawimbi matatu, na nafasi kidogo inabaki.

Sifa yake ya pili watu huisahau. Mashine hupiga plazima mara moja kila sekunde, mchana na usiku, na kila pigo linafanana na lililotangulia kiasi kwamba unaweza kuhamisha probu moja kutoka nukta hadi nukta na kupata picha nzima ya wimbi. Tuseme unataka ramani ya nukta 31 kwa 31, na kila nukta mapigo 10 ya kuchukulia wastani. Hayo ni mapigo 9,610, yaani saa 2 na dakika 40. Uliza tokamaki yoyote kubwa kama itakupa mapigo 9,610 yanayofanana. Haitakupa, hata mwaka mzima ukipita.

Matunda yake yanajulikana. Seth Dorfman na Troy Carter walirusha mawimbi makubwa ya Alfvén kwa antena, na mwaka 2016 wakaripoti kwamba wimbi likipita kimo fulani linavunjika na kuzaa mawimbi mengine. Hilo lilikuwa limetabiriwa kwa muda mrefu kwa ajili ya upepo wa jua na taji la jua, lakini lilikuwa halijashikwa maabara. Mwaka 2021 kundi lililoongozwa na James Schroeder, pamoja na watafiti wa Iowa na Los Angeles, lilionyesha ndani ya mashine hiyohiyo kwamba mawimbi ya Alfvén yanazipa elektroni nishati zikisafiri pamoja nayo, na kwa njia hiyo huchangia mwanga unaoonekana angani karibu na ncha za dunia. Hapo ni wimbi linalotoa nishati na chembe zinazopokea. Kwenye ukosefu wa uthabiti mambo hugeuka, chembe zikawa ndizo zinazolilisha wimbi. Fizikia ni moja, imesomwa kutoka pande mbili.

Kuna na kazi ya David Schaffner na wenzake ya 2012, ambayo ningemshauri kila mwanafunzi aisome mapema. Waliweka pete yenye volti pembezoni mwa plazima, wakawa wanaweza kuizungusha kwa kasi waliyoitaka, hata kuisimamisha. Kasi ikitofautiana sana kati ya tabaka na tabaka, msukosuko ulipungua na kuvuja kwa plazima kukapungua. Wazo hilo ndilo linalotumika kueleza ile hali ya kutulia ambayo Fritz Wagner aliigundua mwaka 1982 kwenye tokamaki ya ASDEX huko Garching, Ujerumani.

Kasoro zake? Ioni zake ni baridi, karibu elektrovolti 1 au pungufu, wakati elektroni ziko kati ya 5 na 10 hivi. Migongano ya chembe si midogo kiasi cha kupuuzwa. Plazima yenyewe ina mteremko mkali wa msongamano pembezoni, na mawimbi ya mteremko huanza bila kuitwa. Ule utulivu wa mashine Q haupo. Tena muda wa kutumia mashine unaombwa kwa andiko, andiko linapitiwa na wanasayansi wengine, na ukikubaliwa unapewa wiki zako. Zikiisha unarudi nyumbani na ulichopata. Kwa mwanafunzi hilo si baya, ila litakulazimu ufike ukiwa umeshaamua nukta za kupima.

Helikoni

Hapa nitapita kwa haraka zaidi, si kwa sababu mashine hizi ni duni, bali kwa sababu kazi yake ni mahususi. Antena iliyozungushwa kwenye bomba la kioo inarusha mawimbi ya redio, mara nyingi ya megahezi 13.56, ndani ya argoni iliyo kwenye uga wa sumaku. Rod Boswell wa Australia alionyesha mwaka 1970 kwamba kwa njia hii unapata plazima nzito kwa nishati ndogo. Msongamano unaweza kufika trilioni 10 kwa sentimita ya ujazo, na plazima inawaka mfululizo bila kukatika.

Kama mada yako ni jinsi wimbi moja safi linavyogeuka kuwa msukosuko, helikoni inashinda zote. Kwenye mashine ya CSDX ya Chuo Kikuu cha California, San Diego, kundi la George Tynan lilikuwa likiongeza uga hatua kwa hatua na kutazama. Mwanzoni yalikuwa mawimbi machache yenye masafa yanayotambulika. Kisha yakaanza kuchanganyikana. Mwishowe wigo mzima wa masafa ukajaa. Matokeo hayo yalichapishwa 2005. Mashine ya VINETA huko Greifswald, Ujerumani, imefanya kazi za karibu na hizo juu ya mawimbi ya mteremko. Bei ya ujenzi nayo ni nafuu kuliko mashine nyingine zote kwenye ulinganisho huu, na hakuna sesiamu ya kuogopa. Chuo kikuu kinachoanza kujenga maabara yake ya kwanza ya plazima yenye sumaku kianzie hapa, na nasema hivyo nikifikiria vyuo vya kwetu.

Tahadhari ni mbili. Redio inayozalisha plazima inaingia pia kwenye probu, na usipoichuja vizuri utapima antena yako badala ya wimbi. Na gesi isiyogeuzwa kuwa ioni ni nyingi, kwa hiyo mawimbi mengi yanazimwa na migongano kabla hayajakua.

Tokamaki

Tokamaki ina uga uliokunjwa kuwa pete, plazima yenye elektrovolti maelfu, na kitu ambacho mashine tatu zilizotangulia hazina kwa uhalisia wake: ioni za kasi kubwa zinazoweza kushindana na mawimbi ya Alfvén. Deuteriamu na tritiamu zikiungana hutoa kiini cha heliamu chenye nishati ya elektrovolti milioni 3.5, kinachokwenda karibu kilomita 13,000 kwa sekunde. Kwenye uga wa tesla 5 na msongamano wa ioni trilioni 100 kwa sentimita ya ujazo, wimbi la Alfvén linakwenda kama kilomita 7,000. Chembe iko mbele ya wimbi, na ikipungua kasi kidogokidogo lazima ipite mahali ambapo kasi zao zinalingana. Hapo inalilisha.

Mwaka 1985 na 1986 C. Z. Cheng, Liu Chen na Morrell Chance walitabiri kwamba umbo la pete linaacha pengo kwenye wigo wa Alfvén, na ndani ya pengo hilo wimbi linaweza kuishi bila kuzimwa haraka. Mwaka 1991 likaonekana: King-Lap Wong na wenzake kwenye TFTR ya Princeton, na William Heidbrink na wenzake kwenye DIII-D ya San Diego. Mbinu yao ilikuwa ya akili. Walipunguza uga ili wimbi lipunguze mwendo, mpaka ioni za kasi walizoziingiza kwa miale zikalifikia. Jambo hili si la kitabuni tu, kwa sababu wimbi hilo hufukuza ioni za kasi kabla hazijaipasha plazima joto, na ioni zilizofukuzwa hugonga ukuta.

Lakini fikiria unavyolitazama. Probu ikiingizwa katikati ya plazima ya tokamaki kubwa inayeyuka. Unabaki na koili zilizo ukutani, rada inayorudishwa na plazima, na mwanga wa miale iliyoingizwa. Vyote vinakupa sehemu ya picha, na sehemu iliyobaki inajazwa na programu ya kompyuta. Wimbi kwa kawaida unalikuta limeshakomaa, limeshabadili kile kilicholizaa. Kusoma ukuaji wake kutoka sifuri ni kazi ngumu hata kwa wataalamu. Tena mwanafunzi mmoja ni mmoja kati ya mamia, na ratiba ya mashine haipangwi kwa ajili yake.

Kuna tokamaki moja ndogo ya kutengwa na maneno hayo. GOLEM iko Chuo Kikuu cha Ufundi cha Czech, Prague. Ilijengwa Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikahamishiwa Prague katika miaka ya 1970, na sasa ni ya kufundishia. Nusu kipenyo cha pete yake ni sentimita 40, na plazima yake hudumu milisekunde chache tu, lakini wanafunzi wa nchi mbalimbali wameiendesha kwa mbali kupitia intaneti na kuchukua data. Mhadhiri wa Dodoma, Kampala au Bukavu anayetaka darasa lake liguse plazima ya kweli bila nauli ya ndege aandike kwao. Kwa ukosefu wa uthabiti mkubwa, ule unaoikunja plazima nzima, koili zake zinatosha kabisa.

Kwa namba

| | Ioni kwa sm³ | Elektroni (eV) | Uga (tesla) | Mtindo |
|---|---|---|---|---|
| Mashine Q | bilioni 1 hadi 100, mara nyingine zaidi | 0.2 | 0.1–0.7 | mfululizo |
| LAPD | trilioni 1 hadi 10 | 5–10 | hadi 0.35 | pigo 1 kwa sekunde |
| Helikoni | hadi trilioni 10 | 3 hivi | 0.02–0.2 | mfululizo |
| Tokamaki kubwa | trilioni 10 hadi 100 | maelfu | 1 na zaidi | sekunde kadhaa kwa pigo |

Namba za halijoto zisikudanganye kwamba plazima ya moto zaidi ndiyo bora zaidi. Kinachoangaliwa ni uwiano: duara la ioni ukilinganisha na upana wa nguzo, urefu wa wimbi ukilinganisha na urefu wa chombo. Kwenye mashine Q ya potasiamu niliyoitaja, duara la ioni lina nusu kipenyo cha milimita moja hivi, ndani ya nguzo ya sentimita kadhaa. Kwenye LAPD ni milimita mbili ndani ya sentimita 60. Kwa upana huo LAPD inaipita mashine Q mbali, na ndiyo maana msukosuko wake una nafasi ya kujipanga kwa ukubwa mwingi.

Basi nichague ipi?

Kama swali lako ni wimbi la umeme tupu, lisiloutikisa uga wa sumaku, linalolishwa na mkondo au tofauti ya kasi, chagua mashine Q, na kama haipatikani, soma data zake za zamani kabla ya kugusa kitu kingine. Kama ni Alfvén bila ioni za kasi, chagua LAPD. Kama ni njia kutoka wimbi moja hadi msukosuko, helikoni. Ioni za kasi kwenye pete ni tokamaki, na hapo ningekushauri utangulie na shahada ya uzamili kwenye moja ya mashine tatu za kwanza.

Mfano mgumu zaidi ni wa wenzetu wanaosoma anga la juu la ikweta. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, na Afrika Mashariki yote iko ndani ya ukanda ambao baada ya jua kuzama ishara za GPS huyumbayumba kwa sababu ya mapovu ya plazima nyepesi yanayopanda kwenye ayonosfia, tabaka la anga la juu lenye plazima. Mtu akitaka kulipeleka jambo hilo maabara, jibu linategemea kimo anachokizungumzia.

Kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 110, elektroni zinakwenda kwa kasi huku ioni zikizuiwa na gesi ya kawaida, na kasi hiyo ikipita kasi ya sauti ya ioni wimbi linaanza. Donald Farley na Oscar Buneman walilieleza mwaka 1963, wakati rada ya Jicamarca huko Peru ikiwa imeanza kulipima. Hili linajaribika kwenye mashine Q ukiongeza gesi kwa makusudi ili ioni zigongane nayo, na D'Angelo mwenyewe alishiriki majaribio ya namna hiyo nchini Denmark katika miaka ya 1970. Lile povu la juu zaidi ni jambo jingine. Huko kinacholilisha wimbi ni mvuto wa dunia unaoivuta chini plazima nzito iliyokaa juu ya nyepesi, na mvuto huo maabara hauna nguvu ya kutosha kulinganishwa na vingine. Watafiti huuwakilisha kwa mkunjo wa uga, na kwa hilo mashine zote nne nilizozilinganisha si chaguo la kwanza. Pete sahili kama TORPEX ya Lausanne, Uswisi, ambayo ina mkunjo lakini haina mkondo mkubwa wa tokamaki, imeonyesha vizuri jinsi matone ya plazima yanavyokatika na kurushwa nje, na probu zinaingia humo bila kuungua.

Ukishachagua aina, kabla ya kutuma ombi muulize kiongozi wa maabara mambo haya kwa maandishi: mwanafunzi anapata wiki ngapi za mashine kwa mwaka, probu hutengenezwa hapohapo au huagizwa, na data ghafi za waliokutangulia huhifadhiwa pamoja na vipimo vya usahihi wa kila probu au huachwa kwenye kompyuta ya mtu aliyekwisha kuhitimu. Pamoja na maswali hayo weka hesabu ya mistari miwili ya urefu wa wimbi lako ndani ya chombo chao, kwa gesi yao na uga wao.